Nani Alimuuliza Susanne?

Likizo iliyopita nilimwonesha bibi yangu filamu ya Kijerumani ya mwaka 1946. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimekuja Tunduma na kompyuta, flashi yenye filamu kumi na moja, na pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili ambalo msimamizi wangu alikuwa amelirudisha mara mbili. Mada yangu ni filamu za baada ya vita. Jioni hiyo nilikaa sebuleni kuitazama, kwa mara ya nne, Die Mörder sind unter uns, yaani Wauaji Wamo Miongoni Mwetu, daftari likiwa mapajani. Bibi akaja na bakuli la karanga, akavuta kigoda, akauliza, "Mke mwenzangu, hao wanagombania nini?"

Mke mwenza ni utani wake kwangu tangu nikiwa mtoto, kwa sababu babu alikuwa akinipendelea. Nikamwambia hawagombani, ni filamu ya watu waliorudi kutoka vitani. Akatulia kidogo. "Basi anza upya, nami nione."

Wahusika wanaongea Kijerumani na maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Bibi anajua Kinyamwanga, Kiswahili, na Kibemba cha kutosha kuuzia maharage upande wa Nakonde. Kwa hiyo ilinibidi niwe Lufufu. Wale waliokulia kwenye vibanda umiza wanamkumbuka yule bwana aliyekuwa akitafsiri filamu za nje kwa sauti yake mwenyewe, akiongeza chumvi pale anapoona panahitaji. Nilijaribu kutoongeza chumvi. Lakini ukitafsiri filamu kwa sauti kwa ajili ya mtu aliyekaa karibu nawe, unagundua mambo ambayo hukuyaona ulipokuwa ukiisoma kimyakimya. Kubwa zaidi ni kwamba unajua nani anaongea sana na nani haongei.

Hadithi yenyewe ni fupi. Tuko Berlin, mwaka 1945. Vita imekwisha na jiji limebaki mbavu tupu. Susanne Wallner, msichana mchoraji, anarudi kutoka kambi ya mateso na kukuta fleti yake imekaliwa na mwanamume. Huyo ni Dakta Hans Mertens, aliyekuwa daktari wa upasuaji jeshini. Sasa hatibu mtu. Analewa, anatukana, anatembea kwenye vifusi kama mtu aliyesahau anakoelekea. Wanaamua kukaa nyumba moja. Taratibu tunajua kinachomtafuna: mkesha wa Krismasi mwaka 1942, huko Poland, kapteni wake, Ferdinand Brückner, aliamuru zaidi ya watu mia moja wapigwe risasi, wanaume, wanawake na watoto. Mertens aliomba wasiuawe, hakusikilizwa, akanyamaza. Alidhani Brückner naye alifia vitani. Kumbe yu hai, yuko Berlin, ana mke na watoto, na ana kiwanda kinachogeuza kofia za chuma za askari kuwa sufuria.

Kwenye sufuria Bibi alicheka. "Huyo namjua," akasema, akatupa ganda la karanga.

Sikumuuliza anamjua nani. Wakati huo nilitaka tuendelee.

Niseme kwanza kwa nini filamu hii inastahili saa yako moja na nusu. Ni filamu ya kwanza ya Kijerumani kutengenezwa baada ya vita. Mwongozaji wake, Wolfgang Staudte, alikosa kibali kwa wakubwa wa nchi za Magharibi waliokuwa wamelikalia jiji, akakipata kwa Wasovieti, na kampuni mpya ya DEFA ikaitoa. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 15 Oktoba 1946, mwaka mmoja na miezi michache tu baada ya Ujerumani kusalimu amri. Vifusi unavyoviona ni vifusi vya kweli, na waliokaa ukumbini usiku ule walitoka nje wakavikuta vilevile. Filamu za namna hii Wajerumani waliziita Trümmerfilme, filamu za vifusi.

Kamera imeinama, vivuli ni virefu, nyuso zimekatwa nusu na giza. Madirisha ya fleti hayana vioo, yamezibwa kwa picha za eksirei za Mertens, kwa hiyo mwanga wa mchana unaingia chumbani ukipita kwenye vifua na mbavu za watu wasiojulikana. Kuna pahala Brückner anakula mkate wake kwa utulivu, na karatasi iliyoufunga ni gazeti lenye habari za watu waliouawa kwa gesi. Hakuna muziki wa kutushtua wala mtu wa kutuelekeza. Mtu anakula, basi. Nilimtafsiria Bibi kichwa cha habari, akaacha kutafuna.

Halafu kuna lile neno la kwenye jina, "miongoni mwetu". Staudte alilipia neno hilo. Mwaka 1940 alikuwa ameigiza, katika nafasi ndogo, kwenye Jud Süß, filamu ya chuki dhidi ya Wayahudi iliyotengenezwa chini ya utawala wa Hitler. Aliposema "miongoni mwetu" hakuwa amesimama ng'ambo ya mto akiwanyooshea wengine kidole. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoidharau filamu hii kuwa ni kazi ya propaganda kwa sababu tu Wasovieti ndio waliotoa kibali. Propaganda humweka muuaji mbali. Hapa muuaji ni mkarimu, anapenda watoto wake, na anaandaa sherehe ya Krismasi kwa wafanyakazi wake.

Bibi alikuwa na njia yake ya kuyapima haya. Nilipomwambia kuwa ni Wajerumani, alisema, "Wale wa vita ya wabebaji?" Kwake Wajerumani ni wale, si hawa wa Hitler. Na ana haki. Vita Kuu ya Kwanza, upande wetu huu wa dunia, iliishia mlangoni kwetu. Mwanzoni mwa Novemba 1918, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alivuka na jeshi lake kuingia Rhodesia ya Kaskazini kupitia Fife, mwendo mfupi tu kutoka Tunduma ya leo. Habari kwamba vita imekwisha Ulaya zilimkuta kwenye mto Chambeshi, na tarehe 25 Novemba akaweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Wiki mbili nzima baada ya dunia kusaini amani. Babu yake Bibi alikuwa mmoja wa waliobebeshwa mizigo. Habari zake zimebaki sentensi moja tu katika ukoo wetu: alirudi, lakini bega moja lilikuwa chini kuliko jingine.

Machi 1919 Lettow-Vorbeck alipokewa Berlin kwa gwaride, akiwa juu ya farasi. Nikikumbuka gwaride lile ndipo ninapouona ushujaa wa Staudte. Miaka 27 baadaye, kwenye mji uleule, hakuna farasi. Anayerudi ni mlevi anayeona aibu, na kapteni wake anatakiwa kufikishwa mahakamani. Nchi iliyozoea kuwapigia makofi wanaorudi ilioneshwa filamu inayowauliza wanaorudi walifanya nini huko walikokuwa.

Mpaka hapo nilikuwa nikiipenda filamu kama nilivyoipenda mara tatu za kwanza. Kisha Susanne akaanza kufagia.

Anafagia sana. Anaokota vitu sakafuni, anapanga, anafuta, anapika. Fleti inang'aa siku hadi siku, na Mertens naye anaanza kurudi kwenye ubinadamu, kana kwamba naye ni sehemu ya samani. Mimi katika daftari langu, zile mara tatu, nilikuwa nimeandika: "Usafi wa nyumba = uponyaji wa taifa." Nililipigia mstari. Bibi aliangalia kwa muda, akauliza swali ambalo halimo katika daftari langu.

"Huyu dada si ndiye alitoka kambini?"

Ndiye.

"Mbona hakuna anayemuuliza?"

Nilisimamisha filamu. Nilitaka kumwambia subiri, watamuuliza mbele. Nikakumbuka kwamba hawamuulizi. Kumbukumbu ya Mertens tunapelekwa ndani yake: tunaiona theluji ya Poland, tunamwona kapteni, tunausikia mkesha ule. Kambi ya Susanne tunatajiwa tu. Hatuingii ndani yake hata mara moja. Hildegard Knef, aliyemwigiza, alikuwa na miaka 20, na uso wake ni mzuri, mlaini, wenye mwanga kila kamera inapomkaribia. Mwanamke huyu ametoka jehanamu na nywele zake zimechanwa. Mertens, ambaye kosa lake ni kunyamaza, ndiye mwenye jinamizi, mwenye haki ya kuvunja vitu, mwenye haki ya kulewa na kusema ovyo. Susanne, ambaye alitendewa, kazi yake ni kumvumilia hadi apone.

Hoja ya kwamba Susanne ni mzuri mno na msafi mno kwa mtu aliyetoka kambini si ngeni, wahakiki wengi wameitoa. Lakini nadhani inaishia nusu njia, kwa sababu inazungumzia vipodozi. Tatizo langu ni mgawanyo wa kazi. Filamu imeligawa jeraha kwa mwanamume na ufagio kwa mwanamke, kisha ikauita ufagio huo upendo. Hata wale mia moja na zaidi wa Poland, ambao bila wao hakuna hadithi, wapo ili kumtesa Mertens usingizini. Hakuna mwenye jina. Hakuna aliyebaki hai aje kugonga mlango. Wauaji kweli wamo miongoni mwetu, lakini waliouawa na walionusurika wako wapi katika "sisi" hiyo?

Naweza kumtetea Staudte. Mwaka 1946 alikuwa akizungumza na ukumbi uliojaa watu kama Mertens: watu waliokuwepo, waliojua, walionyamaza. Ili wasitoke nje ya ukumbi, aliwapa mmoja wao wamfuate. Naelewa. Lakini kuelewa sababu ya kosa si kulifuta, na gharama ya uamuzi ule aliilipa Susanne.

Hapa inabidi niseme kitu kinachonihusu, maana bila hicho nitakuwa namhukumu Staudte huku nimejificha.

Babu yangu alikuwa mwanamgambo aliyekwenda vita vya Kagera. Alichukuliwa mwishoni mwa mwaka 1978, wakati huku kwetu bado ni mkoa wa Mbeya, alifika Kampala baada ya mji kutekwa Aprili 1979, na alirudi kwa treni ya Tazara, akashuka stesheni ya Tunduma na begi moja na redio. Kabla hajafariki nilimrekodi kwa simu katika likizo tatu. Nina faili 14. Folda inaitwa "Babu – Kagera", na ndiyo iliyonifanya nichague mada yangu ya uzamili. Usiku ule, baada ya Bibi kwenda kulala, nilizifungua tena. Babu anaeleza matope, magari ya Walibya yaliyoungua njiani, mwenzake aliyekufa akiwa na barua mfukoni. Na kwa nyuma, karibu katika kila faili, kuna sauti nyingine. Kikombe kinawekwa mezani. Mlango unafunguliwa. "Chai inapoa." Katika faili ya tisa Babu anasita kwenye tarehe na sauti ile inamsahihisha kutoka jikoni, kisha mimi nasikika nikisema, "Bibi, tafadhali, narekodi."

Nilirudia sehemu hiyo mara kadhaa. Sauti yangu ni ya heshima kabisa. Ni sauti ya mtu anayefunga mlango polepole ili usipige kelele.

Asubuhi nilimuuliza Bibi kuhusu mwenye sufuria. Alikuwa akichambua mchele. Akasema vita ilipokwisha Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda miezi 18, na mikanda ikafungwa, na miezi ikapita, na sabuni haikuonekana. Walipanga foleni kwa sukari, kwa mafuta ya taa, kwa kanga. Lakini hapa mpakani, usiku, vitu vilikuwa vikivuka, na kulikuwa na watu waliojenga nyumba za bati katika miaka hiyohiyo. Mmoja wao alikwenda vitani kikosi kimoja na babu. "Babu yako alikuwa akimpita njiani hamsalimii. Sikujua kwa nini. Hakuwahi kuniambia." Akapepeta ungo. "Lakini sufuria zake nilinunua. Ningepikia nini?"

Tangu hapo nimeitazama scene ya kiwanda kwa jicho jingine. Staudte anaonesha kofia zikigeuka sufuria ili tumchukie Brückner, na tunamchukia. Haoneshi nani anazinunua. Kuna mwanamke mahali fulani Berlin anapika viazi ndani ya kofia ya chuma ya kijana wa mtu, na anajua, na watoto wana njaa. Filamu hiyo haikutengenezwa.

Wala sisi hatukuitengeneza ya kwetu. Kila tarehe 25 Julai tunaadhimisha Siku ya Mashujaa, na kule Kaboya, mkoani Kagera, kuna makaburi ya askari wetu. Tunakumbuka waliokufa, na ni haki yao. Kuhusu waliorudi, na kuhusu waliowapokea waliorudi, filamu zetu zimekaa kimya. Kwa muda mrefu nilidhani ni suala la fedha. Sasa nafikiri sehemu ya sababu ni kwamba hatukuwa na vifusi. Tunduma iko mbali sana na Kyaka. Hakuna bomu lililoanguka hapa. Treni iliendelea kuja, malori yaliendelea kupanga foleni mpakani, nyumba zilisimama. Kamera ya Staudte ilikuwa na jiji zima la kuiambia mtazamaji kwamba hapa palitokea jambo. Kamera yetu ingelazimika kukaa ndani ya nyumba nzima isiyo na ufa, imtazame mwanamume anayekataa kulala kitandani. Ingelazimika kukaa pale muda mrefu. Na ingelazimika kumgeukia aliyelala upande wa pili wa kitanda hicho.

Mwisho wa filamu unajulikana kwa wanaosoma historia ya sinema. Katika mswada wa kwanza Mertens alimuua Brückner, na jina lake lilikuwa hilo: mtu nitakayemuua. Wakubwa wa Kisovieti hawakutaka watu wafundishwe kujichukulia sheria mkononi, wakataka ubadilishwe. Kwa hiyo mkesha wa Krismasi 1945 Mertens anamwendea kapteni akiwa na bastola, kivuli chake kinakua ukutani, na Susanne anafika kwa wakati kumzuia. Hatuna haki ya kuhukumu, anasema. Lakini tuna wajibu wa kushtaki, anajibu Mertens. Tunamwona Brückner nyuma ya nondo akipiga kelele kwamba hana hatia.

Wengine huona mwisho huu umebandikwa. Mimi nilikuwa mmoja wao, kwa sababu filamu nzima inapanda kuelekea risasi ambayo hailii. Bibi alikuwa na maoni tofauti. "Afadhali amemzuia," alisema, akikusanya maganda ya karanga kwenye kanga yake. "Angemuua, angerudi nyumbani na shati lina damu. Nani angelifua?"

Nimesoma maandishi mengi kuhusu mwisho wa filamu ile. Hakuna mahali nilipokutana na shati.

Siku moja kabla sijarudi chuoni nilimuuliza nilichopaswa kumuuliza miaka sita iliyopita: ilikuwaje kwake. Alikataa kwanza. Akasema yeye hakwenda vitani. Nikamwambia Susanne naye hakuulizwa, akacheka, akasema nisimfananishe na yule dada, yeye hakuwa mrembo hivyo. Kisha akaniambia mambo matatu. Mawili amenikataza kuyaandika. Hili moja ameliruhusu: mwaka mzima wa kwanza hakuweza kumgusa babu akiwa amelala, maana aliwahi kumgusa bega kumwamsha akajikuta ameshikwa koo. Kwa hiyo kila alfajiri alisimama mlangoni akamwamsha kwa mpini wa ufagio. Mpini mrefu. Anaugusa mguu wake, anarudi nyuma hatua mbili, anasubiri, anamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Halafu?"

"Halafu nafagia. Si nimeshaushika?"

Wauaji Wamo Miongoni Mwetu ni filamu kubwa na nitaendelea kuitetea, pamoja na sura nzima ya utafiti wangu. Nitakachofuta ni ule mstari nilioupigia mstari. Ufagio si alama ya uponyaji wa taifa. Ni kitu anachoshika mtu anayeogopa, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kabla jua halijatoka. Staudte aliuona ufagio na hakuiona hofu, na mimi niliyekua ndani ya nyumba ile sikuviona vyote viwili.

Wakati naingiza kompyuta kwenye begi Bibi alikuja kuniaga, akanifungia karanga za njiani. Akaniambia filamu ilikuwa nzuri, ingawa yule daktari analalamika sana.

"Ukija tena," akasema, "niletee ile ya yule dada."

Nikamwambia haipo.